Asiyekuwepo na Lake Halipo: Kufuata Njia ya Mkataba wa Shule, Kutoka Nyangezi hadi Bukavu

Tarehe 26 Mei 1906, mjini Brussels, ulitiwa sahihi mkataba uliogawa kazi ya kuwasomesha watoto wa Kongo. Upande mmoja ulikuwa Dola Huru ya Kongo, milki ya Mfalme Leopold II wa Ubelgiji. Upande wa pili ulikuwa Kiti cha Papa. Masharti yalikuwa machache na ya wazi. Misheni za Kikatoliki zingepewa ardhi, kila moja hekta 100 hadi 200, bure na ya kudumu. Nazo zingejenga shule pale inapowezekana, zifundishe kilimo na kazi za mikono, na programu ya masomo ipelekwe mbele ya Gavana Mkuu.

Mwaka huohuo Mapadri Weupe walifika katika milima ya Bushi, kusini mwa Ziwa Kivu, wakafungua misheni ya Nyangezi. Wakaiita Thielt-Saint-Pierre. Jimbo Kuu la Bukavu linahesabu uinjilishaji wake kuanzia hapo, na mwaka 2006 waamini waliadhimisha miaka mia moja. Shule nazo zina haki ya kuhesabu kuanzia hapo. Kila mzazi wa Bukavu anayelipia mtoto karo katika shule ya mapadri, ya masista au ya wachungaji, anaishi ndani ya mpango ulioanzia kwenye karatasi ile.

Nimeifuata njia hiyo kutoka Nyangezi hadi mjini, kituo kwa kituo, na kila kituo kina karatasi yake: 1906, 1925, 1977, 2014. Kwa kila karatasi nimeuliza maswali mawili. Nani alikaa mezani? Na nani alilipa? Wazee wetu walishasema kwamba asiyekuwepo na lake halipo. Historia ya shule za Kivu ni ushahidi wa maneno hayo.

Nyangezi: ardhi iliyotolewa mbali

Nyangezi iko upande wa Walungu, katika nchi ya Ngweshe, kando ya barabara inayoteremka kutoka Bukavu kwenda Kamanyola na Uvira. Kanisa, shule na nyumba za watawa vimekaa pamoja, kama ilivyo katika misheni zote za zamani za Bushi. Baadaye Ndugu Wamarist walikuja kufundisha hapa, na vizazi vya walimu wa vijijini vilipita mikononi mwao.

Lakini ardhi yenyewe ilipatikanaje? Katika Bushi, ardhi haikuhama kimyakimya. Kulikuwa na kalinzi: mtu anayetaka shamba alimpelekea mwami au mkubwa wa mahali ng'ombe, mbele ya macho ya watu, na kwa kufanya hivyo alipata haki ya kulima na kuwarithisha watoto wake. Anayetoa na anayepokea walijuana. Kila mmoja alijua anachodaiwa na mwenzake. Ulikuwa mkataba kamili, ingawa haukuandikwa.

Dola Huru haikupita njia hiyo. Tangu tarehe 1 Julai 1885 ilikuwa imetangaza kwamba ardhi isiyokaliwa ni mali ya dola. Malisho, mashamba yaliyopumzishwa na misitu ya wenyeji vyote viliweza kuandikwa kuwa ardhi tupu. Kwa hiyo mwaka 1906 dola iligawa huko Brussels hekta ambazo huku Bushi zilikuwa na wenyewe. Shule ilikuja, na ilileta mema mengi ambayo hakuna mtu mwadilifu atakayeyakana. Hata hivyo, mchango wa kwanza katika ubia huu, yaani ardhi, ulitoka kwa watu ambao hawakuulizwa. Mwenye shamba alikuwa mlipaji wa kwanza, na jina lake halimo katika mkataba.

Ibanda: nani apewe ruzuku

Kutoka Nyangezi njia inapanda kuelekea mjini. Mji huu ulianzishwa mwaka 1901, ukapewa jina la ofisa Mbelgiji, Paul Costermans, ukaitwa Costermansville hadi ulipopata tena jina la Bukavu katika miaka ya 1950. Ulijengwa juu ya rasi tano zinazoingia ziwani, na katika komuni ya Ibanda bado unaweza kuisoma historia ya shule kwa kutazama majengo.

Chuo cha Alfajiri ndicho kikubwa kuliko yote. Wajesuiti walikijenga mwishoni mwa miaka ya 1930 kwa ajili ya watoto wa Wazungu, wakakiita Notre-Dame de la Victoire. Mtoto wa Kadutu, mtaa wa Waafrika, aliweza kukiona kila siku bila ndoto ya kukaa kwenye madawati yake. Kwa watoto Weusi kulikuwa na mpango mwingine, na mpango huo ulikuwa na karatasi yake.

Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Ubelgiji ilitaka elimu ya koloni ipangwe vizuri zaidi. Kamati ya waziri Louis Franck ilikaa mwaka 1922. Mwaka 1925 ukatoka mpango unaohusishwa na Edouard De Jonghe wa Wizara ya Makoloni, na kufikia 1929 kanuni zake zilikuwa zimekamilika. Serikali ingetoa fedha, ingeweka programu na kukagua. Misheni zingefundisha. Ila fedha zilikuwa za misheni zilizoitwa za kitaifa, yaani za Kibelgiji, na hizo kwa vitendo zilikuwa za Kikatoliki.

Tazama maana yake hapa Kivu. Mwaka 1921 wamisionari wa Kipentekoste kutoka Sweden na Norway walifika Uvira. Walifungua shule na zahanati, na kutokana na kazi yao yalikua makanisa ambayo leo yanajulikana kama CEPAC na CELPA, yenye ofisi zake Bukavu. Kwa zaidi ya miaka ishirini shule zao hazikupata hata senti moja ya ruzuku. Ni baada ya Vita vya Pili, katika mageuzi ya 1946 hadi 1948, ndipo Waprotestanti wakaingizwa kwenye orodha. Watoto wa kijiji kimoja, ambao baba zao walilipa kodi kutoka mashamba yaleyale, walihesabiwa tofauti kwa sababu ya jina la kanisa lililowafundisha. Baba aliyelipa kodi hakuwa na mahali pa kupeleka malalamiko.

Mwaka 1954 Auguste Buisseret, mliberali, alikuwa Waziri wa Makoloni. Akaanzisha shule za Leta, yaani za serikali, zisizo za dini kwa ajili ya watoto wa Kiafrika, jambo lililowakera sana maaskofu. Kwa mara ya kwanza mzazi alipata nafasi ya kuchagua. Lakini muda ulikuwa umekwisha. Uhuru ulipofika tarehe 30 Juni 1960, nchi nzima haikuwa na Wakongo thelathini waliomaliza chuo kikuu. Mpango wa 1925 ulizaa shule nyingi sana za msingi na milango michache sana ya kwenda juu.

Miaka miwili ya Leta peke yake

Baada ya uhuru makanisa yaliendelea kuendesha shule na serikali ikaendelea kulipa, kadiri vita na uasi vilivyoruhusu. Kisha yakaja mageuzi ya Rais Mobutu. Katika miaka ya 1970 aligongana na Kadinali Malula juu ya majina ya ubatizo na juu ya vijana wa MPR, chama chake, ndani ya seminari. Mwishoni mwa 1974 serikali ilitangaza kwamba shule zote za makanisa ni mali ya taifa. Somo la dini likaondolewa, na mahali pake pakawekwa elimu ya uraia na siasa ya chama. Ni katika kipindi hichohicho cha siasa ya uhalisi (authenticité) ambapo majina ya kikoloni yalifutwa milangoni, na Chuo cha Notre-Dame de la Victoire kikawa Alfajiri.

Leta ilikuwa imejitwika mzigo bila kuupima. Bei ya shaba iliporomoka katika miaka hiyohiyo, na hazina ikakauka. Haikuwa na wakaguzi wa kutosha, wala watunzaji wa majengo, wala watu wa kufika kwenye shule za milimani ambako padri au mchungaji alikuwa akifika kwa mguu. Chini ya miaka mitatu baadaye, serikali iliyoyafukuza makanisa iliyaita yarudi.

Hivyo ukazaliwa mkataba wa tarehe 26 Februari 1977, ambao mpaka leo ndio uti wa mgongo wa elimu ya Kongo. Uliwekwa kati ya serikali na makanisa: la Katoliki, la Kristo nchini Zaire (yaani la Waprotestanti; Zaire ndilo lilikuwa jina la Kongo wakati huo), na la Kimbangu. Waislamu nao walipata mkataba wao baadaye. Serikali ilibaki na mamlaka ya kuweka programu, kukagua, kutoa vyeti na kulipa mishahara. Makanisa yalirudishiwa uendeshaji: kupendekeza na kusimamia walimu, kulinda nidhamu, kufundisha dini na maadili. Shule hizo zikaitwa za mkataba, na wasimamizi wake wakaitwa makordineta. Leo zaidi ya thuluthi mbili ya shule za msingi za umma nchini ziko chini ya mkataba huo.

Ni haki kusema kwamba ulikuwa mpango wa busara. Uliikubali hali ilivyo: Leta ina sheria, kanisa lina miguu. Lakini soma tena majina ya waliotia sahihi. Serikali na makanisa, basi. Wazazi hawamo. Mwaka 1977 hilo halikuonekana kuwa kasoro, kwa sababu aliyelipa mwalimu, angalau kwa maandishi, alikuwa Leta.

Nyawera: Leta ilipokosekana

Maandishi hayo yalipoteza nguvu mapema. Katika miaka ya 1980 bajeti ya elimu ilipunguzwa mwaka hadi mwaka, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 walimu waligoma kwa miezi mingi nchi nzima. Mshahara ulikuwa haununui hata unga wa wiki. Ili shule zifunguliwe, kanisa na vyama vya wazazi walikubaliana jambo ambalo lingekuwa la muda: mzazi aongeze kitu kwa mwalimu. Kikaitwa primu. Kiliingia kama msaada wa dharura, kikakaa kwa karibu miaka thelathini.

Na primu haikusimama peke yake. Shule ya mkataba ina ngazi mbili za wakubwa. Kuna ngazi ya Leta: sudivizyo (ofisi ya elimu ya mahali), ukaguzi, na mkuu wa elimu wa mkoa. Kuna ngazi ya kanisa: koordinasyo ya mahali na koordinasyo ya mkoa. Leta ilipoacha kuzipa ofisi hizo fedha za kazi, kila moja ilianza kuchukua sehemu yake katika karo. Pesa ilitoka mfukoni mwa mama anayeuza ndizi sokoni Kadutu, ikapita kwa mkuu wa shule, ikapanda ngazi zote mbili. Hivyo aliyekosekana mezani mwaka 1977 alikuja kubeba kila kitu: mwalimu, chaki, na hata ofisi inayomkagua mwalimu.

Mtu akifika njiapanda ya Nyawera, atakumbuka jambo jingine linaloifanya hesabu hii isiwe nyepesi. Hapo ndipo Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa, Mjesuiti, aliuawa tarehe 29 Oktoba 1996. Katika siku zile za vita wakubwa wa serikali walikuwa wameuacha mji na jeshi lilikuwa linakimbia. Yeye alibaki, akiwaambia watu watulie na kuwahifadhi waliokimbia. Aliyemfuata, Askofu Mkuu Emmanuel Kataliko, alizuiwa na waasi wa RCD kurudi jimboni mwake mwaka 2000, akapelekwa Butembo, na alifariki Roma tarehe 4 Oktoba mwaka huohuo. Kwa hiyo ninapouliza maswali juu ya fedha, sisahau damu. Miaka ya 1998 hadi 2003 mji wetu ulikuwa chini ya RCD, na Kinshasa haikuwa na mkono wa kufika hapa. Shule zilibaki wazi, na ziliendelea kufuata programu ya taifa lililogawanyika. Walioziweka wazi ni kanisa na wazazi: kanisa lilitoa uongozi, wazazi wakatoa makuta, yaani fedha.

Hospitali mbili za mji mmoja

Bukavu ina mfano mwingine wa ubia huu, upande wa afya, na unafundisha. Hospitali Kuu ya Rufaa ya Mkoa ni mali ya serikali, lakini uendeshaji wake ulikabidhiwa Jimbo Kuu, na Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Bukavu, kilichoanzishwa 1989, kinawafundishia madaktari hapo. Hospitali ya Panzi ni kinyume chake. Ilijengwa na CEPAC mwaka 1999, kwa uongozi wa Daktari Denis Mukwege, baada ya hospitali ya Lemera kushambuliwa Oktoba 1996 na wagonjwa kuuawa vitandani. Ni hospitali ya kanisa, lakini katika ramani ya serikali ndiyo hospitali ya rufaa ya zoni ya afya ya Ibanda. Jengo la Leta liko mikononi mwa kanisa, na jengo la kanisa linafanya kazi ya Leta.

Mpangilio huu umeokoa maisha ya watu wengi, na Tuzo ya Nobel ya Amani ya mwaka 2018 iliyapeleka majina ya Mukwege na Panzi duniani kote. Lakini hata huko, mgonjwa wa kawaida anayefika bila mfadhili hukutana na swali lilelile la shule: nani atalipa? Mkataba unaeleza vizuri nani ni mwenye jengo na nani ni mwendeshaji. Mlipaji anaachiwa ajitafutie njia.

2014 na baada yake

Karatasi ya mwisho ni sheria ya elimu namba 14/004 ya tarehe 11 Februari 2014, iliyochukua nafasi ya ile ya 1986. Ni bora kuliko zote zilizotangulia. Inatambua kwamba shule za umma ni zile zinazoendeshwa na serikali yenyewe na zile zinazoendeshwa kwa ubia na madhehebu ya dini. Zaidi ya hayo, inamtaja mzazi kuwa mshirika. Kila shule inapaswa kuwa na kamati ya wazazi, COPA, na kamati ya uendeshaji, COGES. Baada ya miaka 108, mzazi alitajwa.

Lakini kutajwa si kukaa mezani. Mwenyekiti wa COGES ni mkuu wa shule mwenyewe, yaani mtu anayepaswa kutoa hesabu ndiye anayeongoza kikao cha kuipokea. Na mikataba yenyewe bado iko kati ya serikali na madhehebu.

Ndiyo maana elimu ya bure ilipokuja, ilikuja kama radi. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha 43, ilikuwa imesema kwamba shule ya msingi ya umma ni ya lazima na ya bure. Miaka 13 ilipita. Septemba 2019, Rais Félix Tshisekedi aliamuru kifungu hicho kitekelezwe. Wazazi walishangilia, na walikuwa na haki ya kushangilia. Watoto waliokuwa wakifukuzwa kwa kukosa primu walirudi kwa wingi, na madarasa yakafurika. Lakini mwalimu ambaye primu ilikuwa nusu ya mshahara wake, au mshahara wake wote kwa sababu hajaingizwa kwenye orodha ya SECOPE, idara ya serikali ya mishahara ya walimu, aliamka asubuhi moja bila kitu. Shule za mkataba za Bukavu zilitikiswa na migomo kuanzia muhula uleule wa kwanza. Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 800 mwezi Juni 2020 kusaidia mpango huu. Mwishoni mwa 2021 mgomo mkubwa wa nchi nzima ulimalizwa kwa mapatano ya Mbuela Lodge, kule Kisantu. Walioketi huko walikuwa serikali na vyama vya walimu. Wazazi walisubiri nyumbani na watoto wao.

Kisha, Februari 2025, Bukavu iliingia mikononi mwa waasi wa M23, na benki zikafungwa. Kwa mara nyingine Leta iliyoandika mkataba haikuwepo mahali mkataba unapofanya kazi. Hakuna hata mmoja kati ya mikataba hii, kuanzia 1906, unaosema nini kifanyike hali hiyo ikitokea, ingawa katika Kivu imetokea mara nyingi kiasi kwamba haiwezi tena kuitwa ajali.

Ninaamini katika ubia huu. Nimeona katika historia yake kwamba Leta peke yake ilishindwa ndani ya miaka mitatu, na kwamba kanisa bila sheria lingegeuza shule kuwa mali ya waamini wake tu. Ninachodai ni kwamba mkataba ujao uwe na sahihi tatu. Wazazi wachague wawakilishi wao katika ngazi ya mkoa na ya nchi, nao wakae pamoja na serikali na madhehebu wakati masharti yanapoandikwa. COGES iongozwe na mtu asiyetumia fedha zinazokaguliwa. Kila senti inayoingia shuleni, iwe ya Kinshasa, ya mfadhili au ya mzazi, ibandikwe ukutani kwa Kiswahili, pamoja na njia iliyopitia. Na kifungu kimoja kieleze waziwazi nani anamlipa mwalimu, kupitia njia gani, siku serikali inapokuwa haifiki. Njia zipo: Caritas, shirika la misaada la Kanisa Katoliki, imewahi kuwapelekea walimu wa vijijini mishahara ya serikali mahali ambapo benki hazipo.

Hakuna hata sharti moja kati ya haya linalohitaji fedha mpya. Yanahitaji kukubali ukweli ambao Bushi iliujua kabla ya 1906: kwamba katika makubaliano ya kweli, yule anayetoa ng'ombe huonwa na kila mtu, na haki yake hutamkwa palepale.